Yule Afisa Aliyeuliza Tumekula Nini

Hapa Garissa salamu ni ndefu. Utaulizwa habari za watu wa nyumbani, za mifugo, za mvua kule ulikotoka, na kila swali jibu lake ni alhamdulillahi, hata kama umetoka kuzika. Yeye hakuwa na subira na hayo yote. Alikupa asalaam aleikum, akakutazama usoni, akashusha kope la chini la jicho lako kwa kidole gumba kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua, kisha akauliza: "Jana umekula nini?"

Ukijibu "chakula," alikasirika.

"Chakula ni jina la ukoo," alisema. "Mimi nataka jina la mtu."

Alikuwa afisa wa lishe hospitalini, na mji mzima ulimwita Afisa, kana kwamba kaunti nzima haikuwa na afisa mwingine. Hata watoto wake, walipokuja likizo, nilisikia wakimwita hivyo kwa utani. Jina lake nililijua lakini sikuwahi kulitumia, na sitalitumia hapa.

Mimi nina hoteli karibu na soko la mifugo, jengo la mabati lenye meza za mbao na majiko ya kuni nyuma. Asubuhi tunatoa anjera, mikate yetu laini ya unga uliochachuka, na ini, mchana wali, pasta na nyama ya ngamia, na ndizi mbivu kando ya sahani kama ilivyo desturi yetu. Afisa alikula kwangu miaka yote aliyofanya kazi mjini. Ndiyo maana nikimkumbuka simwoni ofisini kwake, kwenye mizani na mabango ya ukutani. Namwona kwenye meza ya karibu na mlango, mrefu, mkavu, mtandio umemteleza kidogo kwa joto, akifungua mkoba wake na kutoa limau na kisu kidogo. Limau lile alilikamua juu ya kila kitu: maharagwe, mchicha, ini, hata anjera. Alisema madini ya chuma yaliyo kwenye mboga ni mavivu, hayapandi damuni bila kusukumwa, na limau ndilo linalosukuma. Chai nayo inavuta kurudisha nyuma.

"Kwa hiyo kunywa chai baadaye," aliwaambia akina mama wajawazito waliokuja na waume zao siku ya soko. "Kula kwanza, pumzika, halafu chai. Ukila na kunywa pamoja, chai inakuibia damu mbele ya macho yako."

Alitoka Buna, kwao walizungumza Kiborana. Sisi ni Wasomali. Kisomali chake kilikuwa kizuri cha kununulia vitu na kupimia watoto. Lakini akitaka kugombana alihamia Kiswahili, na alitaka kugombana karibu kila siku. Mimi aliniita abaayo, yaani dada. Mume wangu alimwita aboowe, kaka mkubwa, ingawa ukiwatazama usingejua nani alimtangulia nani duniani.

Ugomvi wetu wa kwanza mkubwa ulikuwa wa birika.

"Abaayo, birika hili lina sukari kiasi gani?"

"Ya kutosha."

"Ya kumtosha nani?"

Nilimwambia chai ya hoteli hupikwa na sukari yake humo humo, pamoja na iliki na tangawizi na maziwa, na kwamba mteja anayekuja alfajiri kutoka na ngamia hataki mahubiri, anataka chai. Akaniomba niitoe sukari kwenye birika niiweke mezani katika bakuli, kila mtu ajitilie. Nikakataa. Hakunibembeleza. Alirudi kesho yake akasema maneno yale yale, na kesho yake tena, kwa sauti ile ile, kama mtu anayelipa kodi.

"Simkatazi mtu," alisema. "Nataka aione ikiingia."

Nilipojaribu, asubuhi ya kwanza ilikuwa balaa. Dalali mmoja mzee alionja, akaweka kikombe chini na kuuliza, "Nani amekufa? Hii ni chai ya matanga?" Wengine walijitilia kwa hasira, vijiko juu ya vijiko, zaidi ya vile nilivyokuwa nikitia mimi. Nilimtazama Afisa kwa jicho la kumwambia unaona sasa. Yeye alikuwa anakula ini lake na limau, mtulivu kabisa.

"Hasira inachoka," alisema. "Subiri."

Hasira ilichoka. Si kwa wote. Wapo wanaotia mpaka leo mpaka chai inakuwa nzito kama uji. Lakini wengi walipoanza kuiona sukari nyeupe ikizama kijiko baada ya kijiko, waliona haya kidogo, wakapunguza. Yule dalali mzee ndiye aliyekuja kuniambia, miezi baadaye, kwamba sasa akinywa chai ya kwa mkwewe anahisi meno yanauma kwa utamu.

Usidhani alikuwa mtu mkavu wa roho. Siku ya Idi alikuja nyumbani kwetu akala halwa mpaka vidole vikang'aa mafuta. Mara ya kwanza nilipomwona hivyo nilicheka nikamwambia kesho nitamsimulia kila mgonjwa wake.

"Wasimulie," alisema, mdomo umejaa. "Leo ni Idi. Kesho ni Afisa."

Halafu hakujua kupika. Jambo hili liliwashangaza watu kuliko yote. Aliweza kukueleza kwa nini unga wa anjera ukichachuka usiku kucha unakuwa mwepesi tumboni, vijidudu gani wanafanya kazi gani ndani ya ule uchachu, lakini anjera yake mwenyewe ilishika kwenye kikaango na kutoka vipande vipande. Mume wangu aliila mara moja kwa adabu. Njiani kurudi nyumbani akaniambia, "Yule mama amesoma chakula kama mtu aliyesoma ramani ya mji asioujua."

Na kulikuwa na jambo la maziwa. Kila mtu hapa amewahi kumsikia akigombana na wauza maziwa ya ngamia, akiwaambia wayachemshe kwanza, ndipo wayagandishe kwenye vyombo vyao vilivyofukizwa moshi. Aliyapenda maziwa yaliyochachuka. Alisema hakuna dawa ya duka inayoyafikia kwa kulitunza tumbo. Lakini mabichi aliyakataa kwa sababu ya homa ile inayotoka kwa mifugo, inayomlaza mtu miezi, viungo vikimuuma kama aliyepigwa. Wazee walimjibu kwamba maziwa ya kuchemsha hayana baraka.

Basi mwaka mmoja alikwenda Buna kumwona mama yake, akarudi na homa ile ile. Alilazwa. Nilipompelekea supu, nilimuuliza aliipata wapi.

"Kwa mama."

"Ulikunywa mabichi?"

"Mama yangu akinishikia chombo mdomoni, mimi si afisa," alisema. "Mimi ni mtoto."

Mtu mwingine angeficha. Yeye alipopona alisimama mbele ya foleni ya wagonjwa wa nje akajitaja mwenyewe: mnaniona nilivyokonda, hii ni kazi ya kikombe kimoja cha maziwa mabichi, na mimi ndiye ninayewakataza. Watu walicheka sana. Lakini tangu siku ile wauza maziwa wawili wa upande wetu wa soko walianza kuchemsha.

Sasa niseme habari ya mume wangu, kwa sababu bila hiyo ningekuwa namsifu Afisa kwa mambo ya kuchekesha tu.

Mume wangu ni dalali wa ngamia. Kwenye soko letu bei haitangazwi. Wanaokubaliana hushikana mikono chini ya shuka, na vidole ndivyo vinavyosema, ili waliosimama karibu wasijue. Kidole kikibanwa hivi ni kiasi hiki, vikishikwa viwili ni kiasi kile. Mtu huanza kujifunza kazi hiyo akiwa mdogo, na mkono wake ndio elimu yake.

Alikuwa na kisukari kwa miaka mingi, akimeza vidonge vyake asubuhi na jioni, na akiendelea vizuri. Kisha miguu ikaanza kuwaka usiku. Baadaye moto ukaisha, ikawa ganzi. Mwiba ukamwingia kisiginoni akatembea nao siku nzima bila kujua. Tulipokwenda kupimwa tuliambiwa sukari huharibu mishipa ya fahamu, na kweli huharibu, tukakubali tukarudi nyumbani. Lakini ganzi ikapanda mikononi. Siku moja aliingiza mkono chini ya shuka, akabanwa vidole, akasikia bei ambayo haikusemwa. Muuzaji akasema hivi, yeye akasema vile, watu wakajaa, pakawa na maneno makali. Alikuja hotelini akakaa kwenye kona, akanyoosha mikono yote miwili juu ya meza.

"Nilikuwa kama nimeshika vijiti," aliniambia kwa Kisomali. "Mkono wa yule mtu ulikuwa vijiti."

Sijawahi kumwona mume wangu amevunjika vile, hata mwaka wa ukame tulipopoteza wanyama wetu wote. Mnyama akifa unanunua mwingine Mungu akijalia. Dalali asiyesikia vidole atafanya nini? Na haikuwa mikono tu. Alikuwa amepauka, anahema akipanda ngazi za msikiti, anasahau majina ya watu aliofanya nao kazi tangu ujana. Nililala macho wazi nikidhani naanza kuwa mjane wa mtu aliye hai.

Afisa alikuwa kwenye mafunzo ya mwaka mzima Nairobi wakati huo. Aliporudi na kuja kula, hakufika mezani kwake. Alimwona mume wangu tangu mlangoni, akaenda moja kwa moja kwenye kona.

"Aboowe, toa ulimi."

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Watu wameshaona ulimi. Toa."

Akautoa. Ulikuwa mwekundu na laini, umeng'aa kama kigae, bila vile vijipele vya ulimi wa kawaida. Afisa akavuta kiti.

"Jana umekula nini?"

"Chai na mkate."

"Juzi?"

"Hifyo hifyo," alijibu kwa Kiswahili chake cha lafudhi ya Kisomali.

"Nyama?"

"Nimewacha."

"Maziwa?"

"Nimewacha."

"Mayai? Ini? Samaki wa mtoni?"

"Afisa, bole bole," mume wangu alisema. "Nimewacha fyote. Karibu mwaka sasa."

Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga, na hilo ndilo lililonitisha. Aliuliza polepole nani aliyemwambia aache, na mume wangu akamtaja mtu mmoja aliyekuwa na kibanda karibu na stendi, akiuza unga wa majani ndani ya mikebe. Mtu huyo alikuwa amemwambia kwamba kisukari kinatoka kwenye tumbo chafu, nyama na maziwa vinaozea ndani, na dawa ni kuviacha vyote na kunywa unga wake wa kuharisha kila wiki. Mimi nilikuwa nimegombana na mume wangu kuhusu hilo nikachoka. Mtu mwenye hofu ya kukatwa mguu humsikiliza yeyote anayeongea kwa uhakika.

"Na vidonge vyako vya sukari, umeacha?"

"Hifyo hapana. Namwogopa mke wangu."

"Umevimeza miaka mingapi?"

"Tangu kitinda mimba wangu anazaliwa. Sasa ana ndevu."

Afisa aliweka mkono wake juu ya mkono wa mume wangu, jambo ambalo hawezi kulifanya mwanamke mwingine yeyote katika mji huu watu wasigeuke kutazama. Akasema, na nayakumbuka maneno yake vizuri kwa sababu nimeyarudia kwa watu wengi:

"Kuna kitu kinaitwa vitamini B12. Mwili wako hauwezi kuitengeneza, lazima uile. Iko kwenye nyama, ini, maziwa, mayai, samaki. Kwenye mkate haimo. Ndiyo inayotengeneza damu na kuitunza mishipa ya fahamu, ile inayokuletea habari kutoka kwenye vidole. Na hivi vidonge vyako ni vizuri, vimekuweka hai, lakini mtu akivimeza miaka mingi vinaweza kuuzuia utumbo usiichukue vizuri. Wewe umefunga mlango wa mbele, dawa ikafunga wa nyuma. Sisemi ni hilo tu. Sukari nayo inaharibu. Lakini hili linapimika, na likiwa ndilo, linatibika."

"Basi niwache dawa?"

"Ukiacha dawa nitahamia mlangoni kwako. Dawa unameza. Kesho asubuhi unakuja kutolewa damu."

Damu ikatolewa, ikapelekwa mbali kupimwa, majibu yakarudi: hiyo B12 ilikuwa chini sana. Daktari akamwandikia sindano. Afisa akaandika upande wake, ini mara kwa mara, mayai, maziwa ya ngamia yaliyochemshwa na kugandishwa, samaki, na maharagwe pia, ambayo mume wangu aliyaona kama adhabu kwa sababu sisi ni watu wa nyama.

Ulimi ulipona kwanza. Kisha rangi ikarudi usoni. Nikaanza kumsikia akigombana na watu kwa simu, nikamshukuru Mungu. Vidole vilichukua muda mrefu. Kila jioni alikuwa akinipa mkono chini ya leso yangu nimbane, aseme bei. Alikosea, akakosea, nikaanza kukata tamaa kimya kimya bila kumwonyesha. Kisha jioni moja nilimbana akapatia, nikabadilisha akapatia, nikajaribu kumdanganya kwa kubana nusu nusu kama wafanyavyo wauzaji wajanja, akaniambia, "Huyo ngamia wako ni mgonjwa, usinifanyie hivyo." Tukacheka mpaka majirani wakauliza. Miguu haikurudi yote. Mpaka leo nyayo zake zina ganzi kidogo, na kila jioni nazikagua. Lakini alirudi sokoni na mkono wake.

Kabla mume wangu hajapona, Afisa alikuwa amekwenda kwenye kile kibanda cha mikebe. Nilimfuata kwa sababu niliogopa atamrushia mtu kitu. Muuzaji alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za hina, mpole, mwenye maneno matamu. Watu walikuwa wamemzunguka kama kawaida.

"Unga huu unafanya nini?" Afisa aliuliza.

"Unasafisha tumbo, mama. Unatoa uchafu wa miaka yote."

"Uchafu gani?"

"Uchafu wote."

Afisa akawageukia wale watu. Wengi walikuwa wachungaji waliokuja sokoni. Akaanza kuwaeleza kwamba ndani ya utumbo wa kila mmoja wao kuna mifugo, midogo hata jicho haiioni, mingi kuliko ngamia wote wa kaskazini. Mifugo hiyo hula yale ambayo mtu mwenyewe hawezi kuyasaga: nyuzinyuzi za maharagwe, za kunde, za mtama, za mboga. Ikishiba inatengeneza vitu vinavyolisha ukuta wa utumbo na kuupoza mwili. Ikikosa malisho inaanza kuutafuna ukuta wenyewe.

"Na hapo mwili unawaka," alisema. "Moto mdogo usio na moshi, miaka na miaka. Sukari inapanda, presha inapanda, moyo unachoka. Sisemi tumbo ndilo limeleta yote. Kuna kurithi, kuna unene, kuna kukaa tu kwenye kiti, na wataalamu bado wanachunguza mengi. Lakini tumbo ni mmoja wa walioshika kuni. Nyinyi mnajua mfugo unahitaji malisho ya kila aina. Mkila mkate na chai na sukari mwaka mzima, mnafuga kwenye uwanja mtupu. Na huyu," akamwonyesha muuzaji kwa kidole, "anawauzia ukame ndani ya mkebe."

Mchungaji mmoja akauliza, "Na hizi dawa za rangi mbili tunazonunua dukani kwa kila kikohozi?"

"Hizo za kuua vijidudu ni ukame mwingine. Daktari akikupa, maliza zote. Ukijinunulia tu, unaua mifugo yako bure."

Kisha akamgeukia muuzaji kwa upole kabisa. "Ndugu yangu, wewe leo umekula nini?"

Yule mtu akanitazama. Alijua kwamba najua. Adhuhuri hiyo hiyo alikuwa amekula kwangu wali na mguu wa mbuzi, akaongeza maziwa. Watu wakamwona anavyonitazama, wakaelewa bila mimi kufungua kinywa, wakaanza kucheka. Hakufunga kibanda. Yupo mpaka leo. Lakini sijamsikia tena akimwambia mtu aache nyama wala atupe vidonge.

Nikiishia hapo utadhani hakuwahi kukosea. Alikosea, na alikosea kwa jirani yangu wa ukuta mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa na presha ya muda mrefu. Afisa alimkuta kwangu, akamsifia ndizi na maharagwe na maji ya madafu, kama alivyowasifia watu wengi wenye presha, na kwa wengi ni sawa. Hakujua kwamba figo za yule mama zilikuwa zimeanza kushindwa. Figo zikichoka, madini yaliyomo kwenye vyakula vile hayatoki, yanajaa kwenye damu na kuusumbua moyo. Mama alizidiwa, akakimbizwa hospitali, wakamwokoa.

Jioni mama aliporudishwa nyumbani, Afisa alikuja. Hakupitia kwangu. Aliingia nyumba ya jirani, akaketi mkekani mbele ya watoto wakubwa wa yule mama, na mimi nilikuwepo.

"Nilimpa mama yenu ushauri bila kumuuliza figo zake," alisema. "Nilikosea. Si yeye aliyekosea kula, ni mimi niliyekosea kusema. Nimekuja mniambie lolote mnalotaka kuniambia."

Mtoto mkubwa alimwambia mengi. Alikaa akayasikiliza yote, hakujitetea hata neno moja. Walipomaliza akamwomba na mama mwenyewe msamaha, mama akamshika kichwa akamwombea dua. Baada ya hapo alikuwa na swali jipya kabla ya kumshauri mtu yeyote: "Unaumwa nini kingine?" Na hakulegea. Wengine wakikosea hivyo huanza kuongea kwa mashaka, huyu hakuanza. Aliendelea kusema kwa uhakika ule ule, ila sasa aliuliza kwanza.

Alipostaafu alikwenda kuishi Habaswein, ambako binti yake anafundisha shule. Tulipigiana simu, kisha simu zikapungua kama inavyokuwa. Mwaka huu nilikuwa nakwenda Wajir kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu, na dereva mmoja wa magari ya mizigo akaniambia Afisa anaumwa, amekatwa tumbo Nairobi. Nikashuka Habaswein na begi langu, harusi nikaiacha iende na wengine.

Nilimkuta amelala kwenye godoro kivulini, upande wa ukuta usiopigwa na jua. Amekonda mpaka macho yamekuwa makubwa. Aliponiona alijaribu kuinuka, nikamzuia.

"Saratani ya utumbo mpana," aliniambia kabla sijauliza. "Wamekata kipande, wameunganisha. Daktari anasema wameiwahi. Sasa nasubiri kurudi kwa ajili ya dawa nyingine."

Sikuweza kujizuia. "Afisa, wewe? Maharagwe yote yale, maziwa, mboga, wewe?"

"Hata wewe?" akacheka, akashika tumbo kwa maumivu. "Kila anayekuja hapa ananiuliza hivyo. Wengine wanauliza kwa furaha kidogo."

"Mimi siulizi kwa furaha. Naogopa. Nimepikia watu miaka yote hii kwa maneno yako."

Akatafuta pumzi.

"Abaayo, mimi sikuuza hirizi. Sikumwambia mtu hata mmoja kwamba akila vizuri hataugua. Nilisema hatari inapungua. Kupungua si kuisha. Mume wako anashika vidole vya watu sokoni?"

"Anashika."

"Basi. Na daktari aliyenipasua alisema damu yangu ilikuwa nzuri kuingia nayo chumba cha upasuaji. Hiyo damu hakunipa yeye. Niliingia nayo. Mimi nimefanya upande wangu, upande mwingine una mwenyewe."

Alisema hivyo bila kuyumba, kwa sauti yake ile ile, ndogo tu. Kisha akaniambia jambo lililomtesa kuliko kidonda. Hamu ya kula imekwisha kabisa. Kwa sasa amekatazwa maharagwe na mboga ngumu mpaka utumbo upone, anatakiwa kula laini, lakini kila binti yake anachomletea kinamkwama kooni. Binti anaamka mapema anapika, anakwenda shule, anarudi anakuta sahani iko vile vile, anaimwaga.

"Ananiogopea," alisema. "Nami najua kabisa kinachotokea mwili usipokula. Najua kila hatua. Kujua hakunisaidii kumeza."

Niliingia jikoni kwa binti yake. Kulikuwa na nyama ya mbuzi, nikachukua sehemu laini nikaichemsha polepole na chumvi kidogo na iliki, nikachuja supu ikawa safi, nikapika mchele ukalainika mpaka ukawa karibu na uji, nikauvunja humo. Nilipika kama ninavyompikia mtu mmoja, sio hoteli. Nikatoka na bakuli, nikakaa chini kando yake, nikaanza kumsimulia habari za mji, nani ameoa, nani amegombana, nani ameuza ngamia akanunua gari likamharibikia. Sikumwambia kula. Nilimshikia kijiko tu karibu.

Alipokea kijiko cha kwanza kama dawa. Cha pili akakishika mwenyewe. Nikaendelea na umbea.

Binti yake aliingia uani akitokea shule, vitabu mkononi. Akasimama. Aliangalia bakuli tupu mapajani mwa mama yake, akaniangalia mimi.

"Nani amekula?"

"Mama yako," nikasema.

Akaviweka vitabu chini palepale mchangani, akakaa kizingitini, akajifunika uso kwa ncha ya mtandio, mabega yakaanza kutikisika.

Afisa akaninyooshea bakuli.

"Mwache, anapumua," akasema. "Wewe niongezee supu."